Beseni la Senge Magdaline

Simu iliingia Selpha akiwa na unga wa chapati hadi kwenye viwiko. Asubuhi hiyo malori yalikuwa yamejipanga Malaba nzima, kuanzia mpakani hadi mahali jicho linapochoka, na madereva walikuwa wameshuka kunyoosha miguu, kila mmoja akiitisha chai kana kwamba chai yote ya Kenya ilikuwa ndani ya birika lile moja. Aliibana simu kati ya bega na sikio. Mgongoni, Sharlyne alikuwa amelala, mdomo wazi.

"Mulembe, mama," sauti ya Senge Magdaline ilisema. "Mtoto anaendeleaje?"

"Mzima, Senge. Ameanza kukaa mwenyewe. Na huko?"

"Huku tuko tu. Wageni wamebaki wachache. Kesho kutwa ndio kunyolewa." Kwa nyuma, kuku alikuwa akilalamika kama kuku aliyefukuzwa jikoni. "Wamesema mimi nitanyolewa nyuma ya jikoni. Kama ile siku ya baba."

"Nani amesema?"

"Wamesema tu. Wewe njoo na mtoto nimuone. Hayo mengine si neno."

Selpha alimjua shangazi yake. Senge akisema si neno, ujue neno lipo, na ni zito, na amelibeba peke yake mpaka shingo imeanza kuuma.

Kukhu Truphena, bibi yake Selpha na mama yake Senge, alikuwa amezikwa Jumamosi kule Khunyangu. Selpha alihudhuria, akalia mpaka sauti ikakauka, kisha akarudi Malaba kuendelea na birika lake. Lakini kwa watu wa kwao kaburi halimalizi matanga. Baada ya jembe huja wembe. Wana wa marehemu huketi kwenye mkeka uani, mbele ya mlango wa mama yao, kwa mpangilio waliozaliwa, na wajukuu nyuma yao. Maji ni ya beseni moja, na wembe ni mmoja, unaoanzia kichwa cha kifungua mimba na kushuka hadi kwa kitinda mimba. Nywele zilizoota mama akiwa hai zinaanguka naye. Asiyenyolewa pale mkekani, watu hujiuliza kama kweli alikuwa mtoto wa nyumba ile.

Na kifungua mimba wa Kukhu Truphena alikuwa Magdaline.

Jioni Selpha alimweleza mumewe, Protus, ambaye kazi yake ni kupakua mizigo ya hayo malori. Protus alikuwa akila, akamsikiliza mpaka mwisho, akalamba kidole.

"Nenda," akamwambia. "Lakini usiende kulia tu. Kulia ulishalia."

*

Alipoteremka Busia kubadilisha gari, aliingia duka la dawa akanunua nyembe, pakiti za kutosha ukoo mzima, na furushi la pamba. Mambo yote alikuwa ameyapanga kichwani. Halafu, alipokuwa akitembea kutoka sokoni Khunyangu kwenda nyumbani, mtoto mgongoni, mipango ikamtoka yote, maana njia ile haikumruhusu mtu kufikiria kesho. Harufu ya udongo uliomwagiwa maji, moshi wa kuni mbichi, mahindi yaliyoanza kutoa ndevu. Alijiona ana miaka saba tena.

Wazazi wake walikufa kwa ajali akiwa hajajua kufunga viatu, na Kukhu ndiye aliyemlea pamoja na wajukuu wengine waliokuwa wamejaa nyumba ile kama njugu ndani ya gunia. Jua likianza kuinama, Kukhu alikuwa akitoka na karai la maji ya moto, akikunja lesso magotini, na kuita majina kama mwalimu. Mmoja mmoja walisuguliwa miguu kwa jiwe hadi wakapiga yowe. Sabuni ilikuwa ya kipande, ile ile ya kufulia. Taulo lilikuwa moja, la kijani, lililokwisha manyoya. Aliyeoga wa kwanza alifutwa na taulo kavu, wa pili na taulo lenye unyevu, na Selpha, ambaye alikuwa mdogo kuliko wote, alifungwa kitu kizito, baridi, kinachochuruzika, chenye harufu ya binamu zake wote. Alichukia taulo lile. Sasa angetoa chochote lifungwe mabegani mwake tena.

Senge hakuoga nao. Alikuwa amerudi kutoka Busia mjini baada ya kufiwa na mumewe, amekonda, na kibanda chake kilijengwa nyuma ya jikoni. Vyombo vyake vilikuwa mbali na vya watu. Kikombe chake kilikuwa na ua jekundu. Beseni lake lilikuwa la bluu. Taulo lake, jeupe, lilianikwa peke yake kwenye ua wa miti nyuma, kama bendera ya nchi ndogo. Kukhu mwenyewe ndiye aliyeyanunua hayo yote, na ndiye aliyewaambia watoto: anayegusa vya Senge atakufa.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa hofu, na hofu ya bibi ni kali kuliko fimbo.

Halafu mashilingi, yale mabaka ya ngozi, yakaingia. Yalianza kwa binamu yake Collins, kichwani, duara moja jeupe, na kabla mwezi haujaisha vichwa vyote vya nyumba ile vilikuwa vimepakwa dawa ya zambarau kama maembe yaliyooza. Vyote isipokuwa cha Selpha. Kukhu alishangaa, akamsifu kwamba damu yake ni ya nguvu. Hakujua kwamba jioni, Selpha akishafungwa lile taulo la kijani, alikuwa akilivua kimyakimya na kuzunguka jikoni akitetemeka, na Senge alikuwa akimwambia, "Njoo, langu limekauka." Alikuwa akimzungushia taulo jeupe lenye joto la jua la mchana kutwa, akimchana nywele kwa kitana chake, akimwimbia kwa puani. Ule ndio ulikuwa wakati mtamu kuliko yote katika utoto wa Selpha.

Hadi siku Kukhu alipozunguka jikoni kutafuta kuku.

Hakumpiga Selpha. Alimnyakua, akamrudisha karaini akamsugua upya, mwili mzima, akilia. Selpha alikumbuka hadi leo: bibi anasugua na kulia, na Senge amesimama na taulo mkononi, anaangalia chini. Kesho yake taulo jeupe lilianikwa mbali zaidi, kule karibu na migomba, na Senge hakumwita tena.

Kwa miaka mingi baadaye, Selpha akishikwa na kikohozi tu, alijiambia, ni lile taulo. Hakumwambia mtu. Alikua na hofu hiyo, akaenda nayo Malaba, akaolewa nayo. Ni mimba ya Sharlyne iliyomfikisha kliniki, akapimwa, akaambiwa yuko sawa, akaangua kilio hadi nesi akafunga mlango.

"Sasa unalia nini na majibu ni mazuri?"

Ndipo akauliza swali alilolifuga tangu utotoni. Mtu akijifuta na taulo la mwenye virusi? Akitumia sabuni yake, beseni lake, kitana chake?

Nesi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, hakucheka. "Haviishi huko, mama. Virusi hivyo vikitoka mwilini havina maisha. Taulo halikupi, sabuni haikupi, choo hakikupi. Taulo litakupa mashilingi na upele, basi." Kisha akainua kidole. "Wembe ndio kila mtu awe na wake. Na mswaki. Hivyo vinakutana na damu. Si rahisi sana hata hivyo, lakini kwa nini ujaribu? Tena si ugonjwa huo pekee, kuna ule wa ini, na huo kwa wembe ni mwepesi zaidi. Na ukiona wembe, usiangalie sura ya mwenyewe ukaamua. Wembe ni wembe."

Selpha alikuwa akisoma masomo ya jioni wakati huo, na mambo mengi ya kitabuni yaliingia yakatoka. Haya yalikaa.

*

Alimkuta Senge nyuma ya jikoni akichagua maharagwe. Nywele zake zilikuwa na mvi sasa na mashavu yalikuwa yamejaa. Dawa anazochukua hospitali ya Alupe zilikuwa zimemnyanyua zamani sana. Beseni la bluu lilikuwa kando ya ukuta. Plastiki yake ilikuwa imechujuka hadi kufanana na anga la asubuhi.

"Hilo limetoka wapi?"

"Mama Collins amelitoa stoo jana. Ati nisihangaike kutafuta." Senge alimpokea mtoto, akamnusa shingoni. "Huyu ni Truphena mtupu. Ona paji la uso. Ona vile ananikunjia uso, ni kama nimeunguza mboga."

"Senge, usinipoteze. Wewe unataka kunyolewa wapi?"

"Mimi nimezoea huku nyuma. Huku kuna kivuli."

"Sijauliza kivuli."

Senge alimhamisha mtoto kutoka bega hili hadi lile. "Unajua Kukhu yako alivyokuwa," alisema taratibu. "Mwanzo alinitenga. Sikumlaumu, nilikuwa nikijiogopa mimi mwenyewe. Lakini mwaka huu, alipolala hawezi kuinuka, nani alimwogesha? Mimi. Siku moja nimemaliza, nachukua taulo lake, akasema, hilo lachoma kama gunia, leta lako. Nikasimama. Akasema, wewe Magdaline, umekuwa kiziwi? Leta lako, ni laini." Akapiga kope. "Nikamfuta nalo. Tangu siku hiyo tulikuwa na taulo moja hadi alipokufa. Hakuomba msamaha. Unamjua. Lakini taulo lilikuwa moja."

Selpha aliketi akaanza kumsaidia kuchagua maharagwe.

"Mimi ndiye nilimfungua tumbo," Senge alisema. "Nataka kukaa mlangoni kwake. Lakini sitaki vita, mama. Usilete vita kwa matanga ya mama yangu."

*

Jioni wazee walikaa sebuleni. Alikuwapo Baba Collins, jina lake Callistus, aliyemfuata Senge kuzaliwa na ambaye sasa ndiye msemaji wa boma. Alikuwapo mkewe, Mama Collins, mwenye moyo mzuri na mdomo usio na mlango. Na alikuwapo mzee Josiah, binamu ya marehemu, mnyoaji wa ukoo, ambaye alisema mwenyewe kwamba hakuna fuvu katika Butula asilojua mabonde yake. Senge alikaa karibu na mlango, nusu ndani nusu nje, Sharlyne mapajani.

Selpha alipiga magoti kusalimia, akatoa pakiti za nyembe, akaziweka mezani.

"Nimefikiria, wazee wangu. Kesho kila mtu awe na wembe wake. Hivyo Senge anaweza kuanza pale mkekani kama desturi inavyosema, na hakuna mwenye wasiwasi."

Mama Collins alipiga makofi mara moja. "Mwaona? Mwaona sasa! Nikisema mimi ni mbaya. Huyu mliyedhani anampenda Senge yake, hata yeye amebeba nyembe kutoka Busia. Anaogopa kama sisi. Kwani si hivyo, Selpha?"

"Sivyo, mama, nilitaka kusema—"

"Ni hivyo! Ungekuwa huogopi ungekuja mikono mitupu."

Mzee Josiah alizigeuza pakiti kwa kidole kama mtu anayekagua samaki wa juzi. "Halafu, mama, mila haisemi nyembe. Inasema wembe. Mama mmoja, wembe mmoja. Nikimnyoa kila mtu na wake, basi si matanga, nimefungua kinyozi."

Watu wakacheka. Baba Collins alikohoa. "Tufanye tu kama tulivyofanya siku ya mzee. Dada hatakasirika. Ama namna gani, dada?"

Lakini pale mlangoni hakukuwa na mtu. Senge alikuwa ameinuka bila kiti kulia, akamweka Sharlyne taratibu kwenye mkeka, akatoka.

Selpha alihisi uso unawaka. Nyembe zile alizinunua kwa upendo, na mezani zilikuwa zimegeuka kidole kinachomwelekea Senge. Kwa maneno mazuri ya nesi alikuwa amewapa watu sababu mpya ya woga wa zamani. Alimchukua mwanawe akatoka nje, akaliona beseni likiwa palepale ukutani, na ndani yake, limekunjwa vizuri tayari kwa kesho, taulo jeupe. Jipya, bila shaka. Lile la zamani lisingeweza kuishi hadi leo. Lakini lilinukia jua vilevile.

*

Asubuhi mkeka ulitandikwa mbele ya mlango wa Kukhu. Watu walianza kukusanyika, wengine na vikombe vya chai mkononi. Mzee Josiah alikuwa akivua koti. Ndipo Selpha alipotokea kutoka nyuma ya jikoni na beseni la bluu, limejaa maji ya uvuguvugu nusu, akaliweka katikati ya mkeka, akamvua Sharlyne nguo zote, akamkalisha ndani.

Vikombe vilisimama njiani kwenda mdomoni.

Sharlyne aliyapiga maji kwa viganja vyote viwili, akashangilia. Selpha alimpaka sabuni ya Senge, akamsugua shingo, makwapa, vile vikunjo vya mapaja ambavyo watoto wachanga huficha uchafu wa wiki nzima.

"Woi! Selpha!" Mama Collins alikuwa ameweka mikono kichwani. "Hilo ni lile beseni! Mtoe, mtoe mtoto!"

"Nalijua, mama. Nimelijua kabla ya wewe kulitoa stoo." Alimwinua mtoto akichuruzika, akamzungushia taulo jeupe, akamfuta uso nalo, macho, pua, mdomo. "Mimi nilifutwa na taulo la Senge miezi mingi nikiwa mdogo. Nilipimwa nikiwa na mimba, sina kitu. Taulo halileti. Beseni halileti. Sabuni wala kitana havileti. Ningekuwa na shaka hata kidogo, mngemwona mwanangu humu?"

Mama Collins alishusha mikono kutoka kichwani.

"Jana niliweka nyembe mezani nikaeleza vibaya. Sikuzileta kwa sababu ya Senge. Senge anajijua, anameza dawa yake, na dawa zimevikanyaga virusi hata kipimo hakivioni. Nilizileta kwa sababu yetu sisi wengine." Alimgeukia mzee Josiah. "Mzee, siku ya kumnyolea Guka, babu yetu, unakumbuka ulimkata Baba Collins sikioni?"

Josiah alifikiria. "Alikuwa akicheza kichwa."

"Alitoka damu hadi kwa kola. Ukafuta wembe kwa jani la mgomba. Ukaendelea na nani?"

Mzee aligeuka kumtafuta Collins kwa macho.

"Na Collins. Kisha na wengine. Kisha na mimi, wa mwisho. Na Senge alikuwa nyuma ya jikoni na beseni lake, ambalo lisingemdhuru mtu yeyote. Tulificha taulo, wazee wangu, tukapitisha wembe."

Collins, ambaye sasa ni mwanamume mwenye pikipiki na ndevu, alijishika kichwa taratibu kama anayetafuta kitu alichosahau huko. "Haki, nakumbuka," akasema. "Lile jani."

Mzee Josiah aliangalia pakiti za nyembe ambazo mtu alikuwa amezileta pamoja na kigoda chake, akaliangalia beseni. Kunyoa ilikuwa heshima yake yote duniani, na alionekana akiigeuzageuza kama mtu anayetafuta upande wa kuishikia.

"Mama mmoja," hatimaye akasema, kama anayejisemesha. "Aliwabeba kwa maji, si kwa wembe. Nyembe ziwe nyingi. Maji yawe mamoja." Akainua sauti. "Huyo mtoto ameyakojolea hayo, nimemwona. Mwageni, mlete mengine. Beseni ni hilohilo. Magdaline yuko wapi? Kifungua mimba! Jua linapanda, ama nianze na wewe Mama Collins, uliyeletwa hapa na ng'ombe wa mahari?"

Kicheko kilipasuka, na katika kicheko hicho Senge alitokea pembeni mwa jikoni. Alikuwa amesimama pale muda wote. Alitembea hadi mkekani, akavua viatu, akaketi mlangoni kwa mama yake. Josiah akachota maji kwa kiganja, akamlowesha kichwa, akafungua wembe mpya. Mvi zikaanza kudondoka mabegani. Senge alifumba macho, na machozi yakawa yanatoka yenyewe, bila haraka. Hakuyafuta.

Wembe wake ukatiwa kwenye mkebe wa kwenda kutupwa chooni. Baba Collins akaketi. Maji yakachotwa kutoka beseni lilelile, na Selpha alimwona akikaza shingo kidogo yalipomgusa utosini, kama mtu anayeingia mto baridi. Kisha shingo ikalegea.

"Usicheze kichwa," Josiah alimwonya.

"Sichezi."

Akacheza. Tone jekundu likajitokeza juu ya sikio, lilelile sikio. Josiah akasimama na wembe hewani. Watu wote waliitazama ile damu, na pengine kwa mara ya kwanza katika boma lile walikuwa wakiitazama damu isiyo ya Magdaline. Selpha akampa baba yake mkubwa kipande cha pamba.

"Mimi sijawahi kupimwa," Baba Collins alisema polepole, pamba sikioni. "Hata siku moja." Akamtazama dada yake. "Dada, Alupe unaenda siku gani?"

"Wiki ijayo."

"Utanipitia?"

"Nikupitie wapi na tunakaa boma moja? Utakuja nyumbani kwangu, unywe chai, tuende."

"Kikombe chako kile cha ua bado kipo?"

"Kilivunjika zamani. Mama alikivunja. Alisema kilimteleza." Senge akatabasamu, kichwa chake kipya kiking'aa. "Mimi sikuamini."

Nyembe zikaendelea kubadilishwa, kichwa baada ya kichwa. Taulo jeupe nalo likaenda mkono kwa mkono, likifuta shingo na masikio. Mama Collins, ambaye kama mke hakuwa wa mkekani, alikuwa amejipa kazi ya kulipokea na kulipitisha, kwanza kwa ncha za vidole, kisha kwa kiganja, na mwisho akiwa amelitupia begani kama la kwake, akigombeza watu wasimalize maji.

Selpha alinyolewa wa mwisho, kama siku zote. Wepesi wa kichwa ulimshangaza. Upepo ulimpata mahali ambapo haukuwa umemgusa tangu utotoni. Mama Collins akaja na taulo, akalikamua kidogo.

"Pole, mama. Limelowa lote. Nikutafutie kavu?"

"Hapana," Selpha alisema. "Nipe hilohilo."

Lilikuwa zito, baridi, likichuruzika, na lilinukia sabuni na watu wake wote. Akajifunika uso nalo. Kutoka pale mlangoni, Sharlyne akiwa kifuani pake, Senge alikuwa ameanza kuimba kwa puani.